Timu Hii ni ya Nani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Hatutazungumza juu ya magoli. Tutazungumza juu ya mwenye timu.

Wewe unayekaa Goweko unaijua safari ya kwenda Tabora mjini kutazama mpira. Unaamka mapema. Unatafuta usafiri. Unapita Igalula, unaingia mjini, unakwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Nauli ni yako. Kiingilio ni chako. Chakula cha mchana ni chako. Timu ikishinda unarudi unaimba. Ikishindwa unarudi kimya, na kesho yake watani wako wanakusubiri.

Huko uwanjani unasema, "Timu yetu." Hilo ni neno zuri. Lakini hebu tujiulize. Ni yetu kwa maana gani? Je, tunayo sauti ndani yake? Je, inaweza kuondoka bila sisi kujua?

HABARI YA TABORA

Tuanze na habari ya nyumbani.

Msimu wa 2013/14 Tabora ilikuwa na timu katika Ligi Kuu. Iliitwa Rhino Rangers. Ilicheza msimu huo, kisha ikashuka. Wapenzi wa mpira wa mkoa huu wakabaki wanasikiliza ligi redioni.

Mwaka 2023 furaha ilirudi. Timu iliyoitwa Kitayosce ilipanda Ligi Kuu pamoja na JKT Tanzania. Kitayosce haikuzaliwa Tabora. Asili yake ni Kilimanjaro. Ilihamia kwetu, na baada ya kupanda ikapewa jina jipya. Ikaitwa Tabora United.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwezi Agosti 2023 ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Azam. Wachezaji wake wengi walikuwa hawajapata ruhusa ya kucheza. Ikaingia uwanjani na wachezaji 8 tu. Wawili wakaumia, wakabaki 6. Sheria ya mpira inasema timu ikiwa na wachezaji pungufu ya 7, mchezo hauendelei. Mwamuzi akamaliza mchezo mapema, Azam ikiwa na magoli 4.

Ndugu msomaji, siku hiyo nani alipata aibu? Mashabiki wa Tabora. Je, wao ndio waliokosea mambo ya usajili? Hapana. Mambo ya ofisini hawakuyajua. Waliyaona matokeo yake tu.

Hata hivyo hawakuiacha timu. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga magoli 3 kwa 1, tena Dar es Salaam. Siku hiyo Mnyamwezi alitembea kifua mbele.

Mwaka 2025 mambo yakageuka tena. Timu ikachukuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Jina likawa TRA United. Neno Tabora likatoka katika jina.

Si kazi ya ukurasa huu kumlaumu mtu. Taasisi yenye fedha inaweza kuilea timu vizuri. Mchezaji analipwa mshahara kwa wakati. Usajili unafanywa mapema. Mambo kama yale ya Agosti 2023 yanaweza kuepukwa. Hayo ni mema.

Lakini tazama jambo hili. Watu wa Kilimanjaro waliona timu iliyoanzia kwao ikihamia Tabora. Watu wa Tabora wakafurahi. Kisha watu wa Tabora nao wakaona jina la mkoa wao likiondoka. Leo kwangu, kesho kwako.

Si Tabora peke yake. Timu ya Ihefu ilikuwa ya Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Wakulima wa mpunga waliipenda sana. Mwaka 2024, katikati ya msimu, ilihamia Singida. Msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Watu wa Singida walipata timu. Watu wa Ubaruku walibaki na uwanja.

SHABIKI, MWANACHAMA NA MWENYE MALI

Hapa tufahamu maneno matatu.

Shabiki ni mtu anayeipenda timu. Hana kadi. Hana kura. Ana kelele yake na kiingilio chake.

Mwanachama ni mtu aliyejiunga na klabu. Analipa ada. Ana kadi. Anaingia katika mkutano mkuu. Anachagua viongozi, naye anaweza kuchaguliwa.

Mwenye mali ni yule ambaye timu imeandikwa kwa jina lake. Anaweza kuwa mtu mmoja. Anaweza kuwa kampuni, jeshi, halmashauri au shirika.

Katika klabu ya wanachama, mwanachama ndiye mwenye mali. Lakini timu nyingi za leo si za wanachama. Ni za mtu au za taasisi. Timu ya namna hiyo ikitaka kuhama, mwenyewe anaomba kibali kwa wakubwa wa mpira. Shabiki anayekaa juani hana pa kupigia kura. Asiyekuwepo na lake halipo.

SIMBA NA YANGA

Sasa tuzitazame klabu mbili kubwa. Yanga ilianza mwaka 1935. Simba ilianza mwaka 1936, na mpaka mwaka 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland. Zote mbili ni klabu za wanachama.

Klabu hizi zilikuwa na watu wengi lakini fedha kidogo. Kila mara zilimtegemea tajiri. Tajiri akiwepo, kuna wachezaji wazuri. Tajiri akiondoka, kuna njaa.

Mwaka 2016 mwenyekiti wa Yanga, marehemu Yusuf Manji, aliomba akodishwe timu na nembo yake kwa miaka 10. Wanachama wengi mkutanoni walikubali kwa shangwe. Baraza la Michezo la Taifa likasema taratibu hazikufuatwa. Mpango huo haukufanyika. Mwaka 2017 Manji alijiuzulu. Baada ya hapo Yanga ilipata shida kubwa ya fedha, hata ikatembeza bakuli. Wanachama na mashabiki walichanga shilingi zao ili timu isafiri na wachezaji wale.

Simba ilichukua njia nyingine. Iliamua kuuza hisa. Hisa ni fungu la umiliki. Ukiwa na hisa nyingi, una sauti kubwa. Mwezi Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa kuwa mwekezaji, kwa shilingi bilioni 20.

Hapo lilizuka swali kubwa. Mwekezaji apate fungu gani? Wengine walitaka apate nusu. Serikali ikasema hapana. Klabu ya wanachama ikiuza hisa, wanachama wabaki na asilimia 51. Wawekezaji wasizidi asilimia 49. Mwaka 2021 Yanga nayo ilibadili katiba yake ili kufuata njia hiyo hiyo.

Kwa nini 51 na 49? Fikiri mna magunia 100 ya mahindi. Wewe na wenzako mna magunia 51. Tajiri ana 49. Tajiri ana mengi kuliko kila mmoja wenu. Lakini mkiwa pamoja, ninyi ndio wengi. Hawezi kuuza ghala bila ninyi kukubali.

Wajerumani wana kanuni inayofanana na hiyo tangu mwaka 1998. Katika klabu zao nyingi, wanachama lazima wabaki na nusu ya kura na kura moja zaidi.

Kanuni hii ni nzuri. Lakini ina upungufu. Inamlinda mwanachama wa klabu ya wanachama. Haimlindi shabiki wa timu ambayo ni mali ya mtu au taasisi. Tena, asilimia 51 za wanachama wasiosoma hesabu ni asilimia za karatasi tu.

NANI ATAZAME DAFTARI?

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima wa tumbaku. Jambo hili unalijua kuliko watu wengi wa mjini.

Chama chako cha ushirika kina katibu. Kina mwenyekiti. Kina mizani na kitabu. Je, katibu anajikagua mwenyewe? Hapana. Kuna Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Kuna shirika la ukaguzi la COASCO, lililoundwa mwaka 1982. Mkaguzi anakuja, anafungua vitabu, anauliza risiti. Baadaye taarifa inasomwa mbele ya wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Ukaguzi hauondoi wizi wote. Hilo tunalijua. Lakini pasipo ukaguzi, wizi hauna hata jina.

Kuna somo lingine katika ushirika. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mkulima hakupiga kura. Mwaka 1982 sheria mpya iliviruhusu virudi. Basi mwanachama anaweza kupokonywa chama chake kwa njia mbili. Anaweza kupokonywa na tajiri. Anaweza pia kupokonywa na amri ya wakubwa. Kwa hiyo mlinzi mzuri ni yule asiye mtu wa tajiri, wala asiyepokea maelekezo kila asubuhi kutoka kwa mkubwa. Anafuata sheria iliyoandikwa. Mlinzi wa namna hiyo tunamwita msimamizi huru.

Nchini kwetu Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Chini yake yupo Msajili, ambaye anaandikisha vyama na klabu za michezo. Shirikisho la mpira, yaani TFF, linaendesha mashindano. Vyombo hivi vina kazi kubwa. Lakini Baraza ni chombo cha Serikali, na leo baadhi ya timu ni za taasisi za Serikali. Shirikisho nalo lina wapiga kura wake, na hao hutoka ndani ya mpira wenyewe. Mashabiki hawamo. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kwa adabu: shabiki apeleke malalamiko yake wapi?

WENZETU UINGEREZA

Waingereza ndio walioandika sheria za kwanza za mpira wa miguu. Hata wao jambo hili liliwashinda kwa miaka mingi.

Kulikuwa na timu inayoitwa Wimbledon, mjini London. Wenye timu walitaka kuihamishia Milton Keynes, mji ulio mbali. Mashabiki walikataa. Waliandamana. Mwaka 2002 kamati ya watu watatu iliruhusu timu ihame. Mwaka 2003 ikahama.

Mashabiki wakafanya nini? Hawakukaa kulia. Mwaka ule ule wa 2002 waliunda timu yao, AFC Wimbledon. Walianzia madaraja ya chini. Waliijenga kwa michango yao. Mwaka 2011 ilifika katika ligi za kulipwa. Mwaka 2020 ilirudi mtaani kwao, katika uwanja mpya.

Si wote waliofanikiwa hivyo. Klabu ya Bury ilianzishwa mwaka 1885. Mwezi Desemba 2018 mtu mmoja aliinunua kwa pauni 1 tu, kwa kuwa ilikuwa imejaa madeni. Mwezi Agosti 2019 ilifukuzwa katika ligi, kwa kuwa haikuonyesha fedha za kuiendesha. Klabu ya zaidi ya miaka 130 ikakosa mechi ya kucheza. Babu na wajukuu walisimama nje ya uwanja uliofungwa.

Mwaka 2021 klabu kubwa 6 za Uingereza zilitaka kujiunga na ligi ya matajiri peke yao. Mashabiki wakajaa barabarani. Mpango ukafa ndani ya siku chache. Serikali yao ikaagiza uchunguzi, na mashabiki wakasikilizwa. Tarehe 21 Julai 2025 sheria mpya ilikamilika. Sheria hiyo imeunda msimamizi huru wa mpira.

Msimamizi huyo ana kazi gani? Tuzitaje kwa ufupi.

Kwanza, klabu za madaraja matano ya juu lazima ziwe na leseni yake.

Pili, anampima mtu anayetaka kumiliki klabu. Anauliza fedha zake zimetoka wapi, na kama anafaa.

Tatu, klabu haiuzi uwanja wake wala kuhama bila kibali chake.

Nne, nembo na rangi za jezi ya nyumbani hazibadilishwi kabla ya kuonekana kwamba mashabiki wengi wamekubali.

Tano, klabu lazima izungumze na mashabiki wake juu ya mambo makubwa.

Hatusemi tuige kila kitu. Uingereza ni Uingereza na Tabora ni Tabora. Timu zao zina fedha nyingi, zetu zinahangaika na nauli. Sheria ngumu mno inaweza kumfukuza mwenye moyo wa kusaidia. Lakini maswali yao ni maswali yetu pia. Nani amenunua? Kwa fedha gani? Akichoka itakuwaje? Jina litabaki? Timu itakaa wapi?

MZIGO WA PAGAZI

Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ilipita nchi hii ya Unyamwezi. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Walibeba pembe na nguo kati ya Tabora na pwani. Pembe hazikuwa zao. Zilikuwa za tajiri.

Lakini pagazi hakuwa mjinga. Alipatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Alijua uzito wake. Alijua posho yake. Akipunjwa, alitua mzigo chini, na tajiri akabaki njiani na pembe zake.

Shabiki wa leo anabeba timu mabegani. Anajaza uwanja, na uwanja uliojaa ndio unaomvuta mdhamini. Anavaa jezi na kulitangaza jina bila malipo. Basi naye aulize habari za mzigo anaoubeba. Kuuliza si uadui. Anayeuliza ndiye anayejali.

TUFANYE NINI HAPA GOWEKO?

Huenda unasema, "Mambo hayo ni ya wakubwa wa Dar es Salaam." Sivyo. Jambo hili linaanza katika timu ya kijiji.

Tuseme vijana wenu wana timu. Mfanyabiashara mmoja ananunua mipira miwili na seti ya jezi. Mnamshukuru, na ndiyo haki yake. Mwaka wa pili anabadili jina la timu na kuweka jina la duka lake. Mwaka wa tatu anagombana na kocha, anachukua jezi na mipira, timu inakufa. Jambo hilo limetokea vijiji vingi. Lingeweza kuzuiwa kwa karatasi mbili au tatu.

Fanyeni hivi:

1. Andikeni katiba fupi. Semeni timu ni ya nani, nani ni mwanachama, na ada ni kiasi gani.

2. Andikeni kwamba jina, rangi na makao ya timu havibadilishwi ila katika mkutano mkuu, kwa kura za wengi.

3. Muulizeni Afisa Michezo wa Wilaya ya Uyui taratibu za kuandikisha klabu.

4. Msaidizi akija, andikianeni. Anatoa nini? Anataka nini? Kwa muda gani? Akiondoka, nini kinabaki?

5. Wekeni daftari la mapato na matumizi. Mweka hazina asilikague mwenyewe. Chagueni watu wawili wasio viongozi walikague, na walisome mbele ya watu.

6. Uwanja wenu wa mpira uandikwe katika mipango ya ardhi ya kijiji, ili usije ukagawiwa kwa mtu.

Na ninyi mnaoshabikia timu kubwa, jiungeni. Kama klabu yako ina wanachama, chukua kadi na ulipe ada. Soma katiba yake. Wewe uliyejifunza kusoma, kusoma kwako kuna kazi hapa. Kama timu yako haina wanachama, undeni umoja wa mashabiki wenye viongozi na anwani. Watu 500 wasio na umoja ni kelele. Watu 50 wenye umoja, barua na muhuri husikilizwa.

Kisha mwambieni mbunge wenu na diwani wenu. Waambieni mnataka mambo manne yaandikwe katika sheria. Anayenunua timu ajulikane na apimwe. Timu isihame kabla mashabiki wa mahali hapo hawajasikilizwa. Jina la mji au mkoa lisitolewe kimya kimya. Na pawepo mtu huru wa kupokea malalamiko ya shabiki.

Ndugu msomaji, mwenye fedha ana haki yake. Ameweka fedha, asikilizwe. Lakini timu bila watu ni wanaume 11 wanaokimbia katika jua. Nyinyi ndio mnaoifanya iwe timu. Basi msikubali kuitwa wenye timu siku ya kulipa kiingilio, halafu muitwe wageni siku ya kuamua.

MASWALI YA KUJADILI

Someni ukurasa huu kwa pamoja, kisha jadilianeni:

1. Kuna tofauti gani kati ya shabiki na mwanachama?

2. Kwa nini wanachama wanatakiwa kubaki na asilimia 51?

3. Timu ya kijiji chenu ni ya nani? Imeandikwa wapi?

4. Tajiri akitaka kuisaidia timu yenu kwa sharti la kubadili jina, mtamjibu nini? Wanaokubali watoe sababu zao. Wanaokataa nao watoe zao. Mwishoni pigeni kura, na katibu aandike matokeo katika daftari.